Simu Niliyoikabidhi Wasso

Simu yenyewe ilikuwa ya batani, ya bluu iliyochubuka, yenye tochi inayojiwasha ukiikalia. Niliibeba muda mrefu kuliko nilivyombeba mtoto wangu yeyote, na mume wangu alishazoea kuniuliza wakati wa kulala kama na huyo mwenzetu amekula. Nilipewa na mradi wa kanda, ule ulioziunganisha nchi jirani kufuatilia magonjwa ya watu na mifugo mipakani. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu kutoka vijijini, kuanzia mashamba ya Karatu mpaka maboma ya Ngorongoro. Nani anaharisha, mbuzi wa nani wametupa mimba, ng'ombe gani kaanguka ghafla, nami nazipeleka habari hizo kwa wahusika.

Kisha mradi ukafika mwisho wake, na kazi ikarudi ilikopaswa kuwa, yaani wizarani. Sikununa. Sawa, nilinuna kidogo. Lakini miradi huja na magari yake meupe na kuondoka nayo, na watu wa huku wanaendelea kuugua na kufuga vilevile. Nikapanda basi kwenda Wasso, wilayani Ngorongoro, kukabidhi kazi, faili nene mkononi, simu mfukoni, na vumbi likanisindikiza mpaka kwenye meno.

Aliyekuja kupokea kazi alikuwa daktari kijana wa Tanga, nadhifu, mwenye viatu ambavyo vumbi la Wasso lilikuwa likivitamani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzembe. Kumbe faili lote ameshalisoma, na ameniandalia maswali ya maana kuliko waliyowahi kuniuliza mabosi wangu. Nikampenda palepale, jambo lililoniudhi sana. Tukahutubiwa, tukanywa soda, tukapigwa picha nikimkabidhi simu. Kwenye picha hiyo mimi ninatabasamu, ila mkono wangu bado umeishika.

Kilichokuwa kikininyima raha ni bibi mmoja wa bondeni, upande wa Malambo, mkunga wa jadi aliyepata mafunzo kwetu, ambaye wote tulimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Habari nyingi za bonde lile zilipita kwake. Akina mama walimwambia yeye, wachungaji walimwambia yeye, naye akaniambia mimi. Akimkataa daktari, bonde zima litamkataa, na mimi nitakuwa zangu nyumbani Rhotia napalilia maharage wakati watu wanaugua kimyakimya. Nilipompigia kumwambia kuna kijana mpya, aliuliza kama huyo kijana ana mama.

Tulikubaliana nibaki naye siku chache ofisini, nikae pembeni, nisiguse simu. Asubuhi moja nilitoka kununua chapati. Niliporudi nikamkuta daktari ameiweka simu mezani, anaitazama huku amekunja uso.

"Koko amepiga," akasema.

"Anasemaje?"

"Kwema tu. Mvua imenyesha, ng'ombe wazima, watoto wazima. Nikamshukuru, nikakata." Akaigeuza simu. "Lakini mama, kuna kitu kinanisumbua. Mbona kapiga mwenyewe, tena kwa vocha yake, kuniambia hakuna kitu?"

Nikaziweka chapati mezani. Wamaasai husema wanakula habari, na mlo huo una utaratibu wake. Unaanza na kwema. Nyumba hata iwe inaungua, kwema kwanza. Halafu mvua, malisho, ndama, wazee, watoto, na mwenzako naye akupe za kwake. Mabaya yanakuja mwisho kabisa, baada ya "lakini". Mimi Mwiraqw niliyekulia jirani nao nilishalizoea jambo hilo kiasi kwamba sikuona kama ni jambo, na halikuwemo kwenye faili.

"Alikuwa hajaanza," nikamwambia.

Nikanyoosha mkono kuichukua simu. Ningeyamaliza mimi mwenyewe, kwa sababu Koko angenisikia sauti na angenipa kila kitu. Nikaurudisha mkono, nikaukalia. Nikiichukua leo, Koko atanitafuta mimi mpaka siku nitakayozikwa, na siku nisipopatikana mtu atakufa kwa ajili ya sifa zangu.

"Mpigie," nikasema. "Usimuulize ugonjwa. Kula habari mpaka ziishe."

Akaweka sauti kubwa ili nisikie. Koko akapokea kwa furaha, wala hakukasirika. "Nilijua ni mtandao," akasema. "Mtu hawezi kukata habari katikati."

Wakaanza upya. Mvua? Nzuri. Daktari akamwambia ya Tanga. Mama yake mzima? Mzima, magoti tu. Anapaka nini? Daktari, aliyesoma chuo kikuu, akapewa dawa ya magoti ya mama yake, akaahidi kuifikisha. Ana mke? Hana. Kwa nini? Hapo kijana akanitazama kwa macho ya kuomba msaada, nami nikatazama dirishani. Akaanza kujieleza kuhusu masomo, kuhusu kuhamishwahamishwa, na kuhusu binti mmoja wa Muheza ambaye hata mimi sikuwa nimeambiwa habari zake. Koko akasikitika kwa dhati. Jasho lilikuwa linanitoka kwenye nyayo.

"Basi ni hayo tu, ero," akasema Koko, akimwita kama wanavyowaita vijana wao. "Kwetu kwema. Lakini kuna ng'ombe ameanguka asubuhi, hakuumwa. Damu inatoka puani, nyeusi, haigandi. Vijana wamekuja na visu."

Kimeta, ugonjwa unaoua mnyama na anayemla. Daktari alisimama, kiti kikaanguka. Lakini sauti yake haikupanda, na hapo ndipo nilipojua kazi imepata mwenyewe.

"Koko, ng'ombe huyo asichunwe. Asiliwe. Asiguswe na mtu, wala mbwa. Tunakuja."

"Nani atamgusa?" akauliza Koko. "Nimekaa hapa."

Na kweli, tulipofika na mtaalamu wa mifugo tulimkuta kwenye kigoda, umbali wa kutosha kutoka kwa yule ng'ombe, fimbo magotini, shanga zote shingoni. Vijana wakubwa kwa vimo wamesimama mbali wakijifanya wanaangalia milima. Kila aliyesogea, Koko alikuwa akimuuliza habari za mama yake, na anayeulizwa hivyo hawezi kupita bila kujibu. Mzoga ukazikwa kwenye shimo refu lenye chokaa, mifugo ya jirani ikachanjwa, na hakuna mtu aliyeugua. Viatu vya daktari havikurudi kwenye rangi yake. Tulipokuwa tunaaga, Koko alinipa maziwa mimi, na daktari akampa ushauri kuhusu binti wa Muheza.

Nikarudi Rhotia. Kwa muda nilisikia simu ikilia kila ndege alipolia, nikawa napapasa mifuko ya gauni katikati ya mahindi mpaka majirani wakadhani nimepoteza kitu. Kisha siku moja dereva wa bodaboda aliyetoka Karatu akasema amesikia mbuzi wanakufa upande wa Malambo. Sikungoja kunawa udongo. Nikampigia Koko kwa simu yangu mwenyewe.

Takwenya, Koko, nikamsalimu kwa Kimaasai. Iko! akaitikia, akafurahi mpaka nikawa kama namwona. Tukaanza. Kwema. Mvua ya wastani. Yule mtamba wake mwekundu amezaa. Mjukuu ameanza shule, hataki kuvaa viatu. Daktari anaoa, ni yuleyule wa Muheza, na mama mkwe ni mkali. Nikampa za kwangu, maharage, mume, kanisa, na magoti yaliyoanza kuuma. Nikajikalisha kwenye tuta nikisubiri "lakini" yake.

Haikuja. Koko alikuwa amemaliza.

"Na mbuzi, Koko?" nikauliza, nami nikavunja utaratibu kwa mara ya kwanza maishani.

"Ah, hiyo," akasema kwa upole, kama unavyomsemesha mgeni. "Hiyo nimeshampa daktari. Alikuja jana na chanjo. Wewe nakupa salamu."

Iliniuma, nisiwe mwongo. Iliniuma hapa kifuani, na hapohapo nikaanza kucheka, na Koko naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Kisha akaniuliza hayo magoti yangu nayapaka nini.