Magugumaji ya Bi Kuwabara

Kila asubuhi, kabla hajabandika birika la chai, Tomie hugonga mara mbili kwa ukucha ukingo wa tangi la kioo lililopo barazani. Samaki wake, ambao hata njiti ya kiberiti inawazidi urefu, hupanda juu wakijua chakula kimefika. Tomie alipikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na moja, na bado huwasemesha samaki kama wanafunzi: "Haya, foleni."

Kwa miaka tisa aliwachagua na kuwazalisha mwenyewe, hadi akapata wenye mstari wa fedha mgongoni, kutoka kichwani mpaka mkiani. Walikuwa ishirini na wawili. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Mwaka jana, mvua za Juni zilipoanza, Bi Kuwabara, mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa, alimletea ndoo ya magugumaji kutoka bwawa la bustanini kwake. Tomie hakuyataka. Lakini zawadi ya mwenyekiti utaikataaje, na mwenyewe hupita hapo kila akienda kutupa taka, akichungulia kama imepewa nafasi? Akayaweka tangini, akamrudishia sanduku la keki za maharage kama ilivyo ada.

Baada ya wiki mbili aligonga, wakapanda nusu. Nozomi, mke wa mwanawe, alidhani ni paka anayewala. Siku zilizofuata wakazidi kupungua, hadi Tomie alipoyatoa magugumaji na kuyakung'uta juu ya karai jeupe. Mizizini wakadondoka wadudu saba wa rangi ya tope, watoto wa kereng'ende. Mmoja alikuwa bado ameng'ang'ania kipande cha mkia wenye mstari wa fedha. Tangini walibaki samaki sita.

Hao sita aliwavusha baridi yote. Joto liliporudi wakataga, na sasa kuna vitoto vyembamba kama kope.

Juni hii Bi Kuwabara akarudi na ndoo.

"Mwaka huu yamechanua hasa, Tomie. Yale ya mwaka jana mbona siyaoni?"

Nozomi, aliyesimama mlangoni, alimkonyeza mkwewe apokee tu.

"Niliyatupa," Tomie akasema. "Yalikuja na wadudu, wakanimalizia samaki."

Bi Kuwabara akacheka kidogo. "Bwawani kwangu? Labda walikufa kwa uzee, kama tunavyokaribia sisi."

Tomie alileta karai, akaomba ndoo, akaikung'uta mizizi palepale. Wakadondoka watatu, mmoja akitambaa kuelekea kidole cha mwenyekiti. Tomie akarudisha magugumaji ndooni, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuinama kama kawaida.

"Asante kwa kunikumbuka. Lakini sipokei."

Wiki hiyo jalada la matangazo ya jumuiya, linalopitishwa nyumba hadi nyumba, liliiruka nyumba yao. Tomie akavaa viatu, akaenda kwa jirani wa pili, akalisoma lote amesimama kizingitini, akagonga muhuri wake wa jina kwenye nafasi yake kuonyesha amelisoma, akarudi.

Nozomi alikuwa ameona aibu siku zote hizo. Asubuhi iliyofuata alimkuta barazani.

"Mama, si ungepokea tu, halafu ukayatupa nyuma ya nyumba?"

Tomie akagonga ukingo mara mbili, akasubiri mpaka vitoto vyote vikapanda.

"Mwakani angeleta tena."