Maporomoko ya Mto Tabuli

Harufu ya mkaa wa senetwet ndiyo hunirudisha Berana. Mama alikuwa akichoma vijiti vya mti huo ili asugue ndani ya kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, na vipande vilivyobaki tulivichukua mimi na Achieng, tukavitumia kuchora Berana, nchi yetu ya kubuni. Tulipasua pakiti nne za unga, tukaziunganisha kwa uji mzito, tukapata karatasi ya kaki kubwa kuliko meza. Achieng alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, watu waliotoka upande wa ziwa. Yeye alijua boti, mimi nilijua vilima. Basi Mto Tabuli ukaanzia chini ya vilima vitatu, ukapokea vijito viwili, ukakata mji mkuu katikati, ukafika ziwani kwa midomo mitatu. Boti zilishuka na maziwa na kupanda na samaki.

Msimu wa mvua ndefu, majani ya chai yakiwa mengi hata shule tulikwenda kwa kuchelewa baada ya kuchuma, kazi ya baba yake Achieng ilikwisha. Wangerudi kwao Jumamosi. Tangu siku hiyo Tabuli haukuwa mchezo tena. Achieng alisema atapanda boti mdomoni mwa mto, aje mpaka kwetu. Alifuata mkondo kwa kidole, taratibu, kisha kidole kikasimama katikati ya nchi.

"We Chebet, hii ni nini?"

Nikamwambia ni maporomoko.

"Sasa boti itapita hapo aje?"

"Watu watashuka, waibebe."

"Hata nyanya yangu na kuku wake?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniomba niyafute. Nikakataa. Kila mto ambako niliwahi kuteka maji ulianguka mahali na kunguruma. Usionguruma utajuaje kuwa ni mto? Akasema kumbe sitaki aje. Jumamosi aliondoka bila kuniaga. Ndipo nikachukua kitambaa chenye maji, nikasugua, na kadiri nilivyosugua ndivyo mkaa ulivyotapakaa, mpaka katikati ya Berana pakawa na doa jeusi.

Shule niliiacha darasa la saba, nikaanza kuzunguka: nimechuma chai Bomet, nimeuza parachichi Chepseon, nimepika kwenye mahema ya wajenga barabara. Mtembezi hula miguu yake, nami yangu nimeila sana. Mwaka huu ilinifikisha ziwani. Nilisimama kwenye matope, mbele yangu maji mapana, kimya kama uji uliopoa. Nikamwuliza mzee aliyekuwa akipakia mchanga kwenye mashua, mto unaoingia ziwani uko wapi.

"Si ndio huo, dada. Umeukanyaga."

Nikauliza mbona hauna sauti. Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mlevi, akaendelea na sepetu lake.

Palepale nilikunjua ramani yetu ya kaki, niliyoibeba miaka yote. Nimeuliza habari za Achieng katika masoko matatu ya huko, na kila soko lina Achieng wengi, hakuna wangu. Mto wake upo kweli, nimeukanyaga. Wangu nao upo, juzi nimepita Kericho, bado unanguruma. Katikati yao kuna lile doa langu, na hata nikiigeuza ramani juani, sijui boti inapitia wapi.