Mchagua Gambuti wa Segese

Wanawake wanaoosha dhahabu kwenye mwalo wa Segese hawakuwa wakinunua gambuti bila Melania. Ikifika siku ya gulio, mvua za Novemba zimekaribia, walimpitia nyumbani tangu asubuhi, kila mmoja na hela yake imefungwa kwenye pindo la kitenge. Walimkuta anafagia, anapika, anafua, na hata wamsihi vipi hakutoka kabla ya saa nane mchana.

"Asubuhi mguu haujavimba," aliwaambia. "Mkinunua sasa hivi, jioni mtakuja kunililia mimi."

Gulioni walimkuta Festo, kijana aliyeleta viatu kutoka Nyasubi na kuvimwaga juu ya turubai. Festo alimheshimu Melania na kumwogopa pia. Mama yule alichukua gambuti, akaikunja shingo mpaka ikagusa kisigino, akaiachia na kuitazama kwenye mwanga. Ikibaki mistari myeupe, aliitupa pembeni. Aliinusa ndani, maana mpira uliochanganywa na takataka hunuka kama tairi la kuungua. Aliingiza mkono mzima mpaka kwenye vidole, akapapasa mahali soli inapokutana na mpira wa juu. Halafu akaomba maji, akaijaza, akaishika hewani juu ya vumbi kavu, na wote wakasubiri kuona kama litadondoka tone.

"Mama Kamili, unanilowanishia mzigo," Festo alimlalamikia Melania kila gulio.

"Bora ulowane hapa kuliko mguu wa mtu kule."

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni wanawake kununua gambuti za kiume namba arobaini na mbili kwa sababu zimepungua bei, kisha kuzijaza matambara. Aliwaambia wazi kwamba gambuti kubwa hubaki kwenye tope na mwenyewe akaenda mbele peku, na ile ndefu ya kiume humchubua mwanamke nyuma ya goti mpaka ashindwe kuchuchumaa. Chukua ya nusu muundi, namba yako na nafasi ya soksi moja nzito, basi. Aliyemsikiliza alivaa jozi moja misimu mitatu. Si jambo dogo hilo, kwa watu wanaoshinda kwenye maji machafu kutwa nzima, wakiosha mchanga wa mawe yaliyosagwa ili wapate punje ya dhahabu.

Na yeye mwenyewe alivaa nini? Yeboyebo. Yeboyebo za plastiki za bluu zilizokatika kamba, ya kulia imeshonwa kwa waya. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Mayu, mama yetu, wewe unatuvalisha sote, wewe mwenyewe unaogopa kuwa mrembo?" Limi alimtania. Limi alikuwa akiosha mchanga kwenye ubao wa pili kutoka kwake, na mdomo wake haukuwa na breki.

Melania alicheka pamoja nao. Hela ya gambuti alikuwa nayo. Jozi yake alishaiona: nyeusi, namba thelathini na nane, imepita mtihani wa kukunja, wa kunusa na wa maji. Festo alimwekea chini ya turubai wiki nne nzima. Kilichomzuia ni kitu kingine, na hakukisema kwa mtu.

Mwezi Septemba mumewe, Mwigulu, aliingia kwenye duara jipya, shimo la watu saba chini ya bwana mmoja aitwaye Gregory. Kabla hawajaanza kuchimba, Gregory alikwenda kwa mganga wake na akarudi na masharti. Jioni moja alikuja nyumbani kwa Mwigulu kuyatangaza.

"Shemeji, sharti lenu wake zetu ni moja tu," alimwambia Melania. "Asitie mtu kiatu kipya mguuni mpaka duara liteme. Dhahabu ikitoka, vaeni hata dazeni."

Melania alizaliwa Ushirombo, katika nyumba ambayo rozari ilisaliwa kila siku Mungu aliyoijalia. Maneno yale yalimpa kicheko, akakibana kwenye meno. Kisha akamtazama mumewe, akitegemea kuona naye anabana chake. Mwigulu alikuwa ameinamisha uso, anachora chini kwa kijiti. Melania akajua, au alidhani amejua: mume wangu anaamini. Basi akamjibu Gregory kwamba amesikia.

Tuseme ukweli, hofu yake haikuwa mganga. Alihofia siku ambayo duara lingekosa, watu saba wakakaa kuulizana nani kavunja sharti, na Mwigulu akarudi nyumbani akamtazama miguuni. Alimpenda mume yule. Miaka kumi na tisa alikuwa amemwona akiingia ardhini mzima na kutoka mweupe kwa vumbi, hana kitu, na hata siku moja hakumpigia kelele. Kumnyima tumaini kwa sababu ya jozi ya viatu aliona ni ukatili.

Mvua zikaja. Novemba ikapita, Desemba ikapita. Waya wa yeboyebo ukamchoma pembeni mwa unyayo, kidonda kidogo cha kufunika kwa ukucha. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, kesho yake akarudi mwaloni. Maji ya pale yana zebaki na kinyesi cha ng'ombe na kila kitu kinachoteremshwa na mvua. Limi alipoona mguu umeanza kung'aa kwa uvimbe, hakutania tena.

"Melania, nenda kwa Festo leo. Kama hela huna, nitanunua mimi."

"Nitanunua. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ni lini? Hiyo hiyo ya mwezi uliopita?"

Melania akarudi kwenye ubao wake. Jioni hiyo alivaa soksi mbele ya mumewe ili asione uvimbe. Alipoanza kutetemeka kwa homa, alimwambia ni malaria.

Alipofikishwa hospitali, daktari alimpima damu, akamwambia ana sukari, na huenda amekaa nayo miaka bila kujua. Kidonda cha mtu mwenye sukari hakisubiri. Walijaribu siku nne. Siku ya tano wakamkata mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Alipozinduka alipapasa shuka, akakuta upande mmoja umelala bapa. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akimwita mama yake aliyekufa zamani. Muuguzi alimshika mkono mpaka akanyamaza.

Duara halikutema. Machi lilijaa maji, watu saba wakatawanyika, na Gregory akahamia Bugarama kutafuta shimo jingine.

Aprili, Jumapili moja baada ya misa, Melania alikuwa amekaa barazani, magongo yameegemezwa ukutani, anachambua mchele. Mwigulu alikaa kwenye kigoda karibu naye. Alikuwa amekonda kuliko yeye. Akasema bila kumtazama:

"Mama Kamili, nikuulize kitu. Lile sharti la Gregory, wewe uliliamini?"

Mikono ya Melania ilisimama kwenye ungo.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi sikuliamini. Hata siku moja. Gregory alipokuwa anaongea pale nilikuwa naona aibu, nikainama. Nikasikia unamwitikia. Nikasema, kumbe mke wangu ameliamini. Kila siku nakuona na yale mayeboyebo yako, natamani kukwambia kanunue gambuti, halafu naogopa utadhani siitaki riziki yetu. Ningesema, Mama Kamili. Ningejua huamini, ningekubeba mpaka kwa Festo mgongoni."

Neno moja tu, mmoja wao angelisema mwezi Septemba, na leo Melania angekuwa amesimama kwa miguu miwili. Alilikuta jibu limefika ulimini, chungu kama shubiri: nililishika kwa ajili yako.

Akamtazama. Mwigulu alikuwa amefumba macho, uso umekunjamana kama wa mtu anayesubiri kupigwa.

"Niliamini, Baba Kamili," Melania alisema. "Niliamini kabisa. Hata ungeniambia ninunue, nisingenunua."

Mwigulu alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa umeliamini kweli?"

"Kweli."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, tatu, mabega yakalegea. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akaenda kumtekea maji ya kuoga.