Chumvi ya Lezita

Fakisoni alikuwa msukaji wa maghala ya mahindi, yale ya mianzi yanayosimama nje ya kila nyumba huku Ntchisi, nchi ya Wachewa. Kila nilipopita upande ule na safari zangu nililala kwake, maana nyumba ilikuwa na kicheko. Lakini kicheko chenyewe kilitoka tumboni. Akishiba nsima, ugali wa huku, kwa majani ya maboga yaliyoungwa karanga, alitania hata mbuzi. Chakula kikichelewa, hata salamu yako ilimuudhi. Mkewe, Lezita, alimsoma kwa matonge: tonge kubwa, roho yake ilitulia, tonge dogo linalogeuzwageuzwa, alianza kujiuliza amekosa nini.

Kwa Wachewa mume ndiye anayehamia kwa mke. Mambo yakiharibika, ni yeye anayebeba shoka na mkeka wake kurudi kwao.

Mwaka ule, baada ya mavuno, Lezita alipika mboga akiwa katika siku zake za mwezi. Kupika anaruhusiwa, ila chumvi haigusi. Chumvi hutiwa na mtoto au bibi mzee, kwa kuwa mwanamume yeyote akila iliyotiwa na mwanamke aliye katika siku hizo hushikwa na mdulo: anakohoa, anadhoofika, anazikwa. Mtoto wao, Tiyanjane, alikuwa bado anatambaa, kwa hiyo kazi ya chumvi ilikuwa ya mama yake Lezita. Siku hiyo mama alikuwa msibani. Mkono wa Lezita ukaenda wenyewe kwenye kopo. Alipokuja kukumbuka, mumewe alikuwa analamba vidole, na mimi, mgeni wao wa siku kadhaa, pembeni yake vilevile.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Baba Tiyanjane, ile chumvi… nimetia mimi."

"Wewe?"

"Nilisahau. Mama hayupo, nikasahau."

Fakisoni alikwenda nyuma ya nyumba akajitia vidole kooni. Hakikutoka kitu. Aliporudi uso ulikuwa wa majivu.

Tangu hapo hakugusa chungu cha mkewe. Alijichomea kipande cha muhogo asubuhi, akanywa maji, basi. Baada ya siku chache mikono ilianza kumtetemeka. Akisimama, anashika ukuta. Moyo unamwenda mbio akiwa ameketi tu.

"Umeona, babu?" aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa mvi zangu. "Umeanza."

Alivyozidi kutetemeka ndivyo alivyozidi kukiogopa chakula, na alivyozidi kukaa bila kula ndivyo ulimi wake ulivyozidi kuwa mkali. Ghala alilokuwa akisuka lilipinda upande, akalipiga teke. Mtoto akilia anafoka. Lezita naye hakuwa na hali. Tonge lilimkwama, akalitema kisirisiri. "Akifa watasema nimemuua," aliniambia huku anapepeta mahindi yaleyale yaliyokwisha kupepetwa. "Na watakuwa hawajasema uongo."

Mama alirudi kutoka msibani, akasikia, akachemsha dawa ya mizizi. Mkwe na mama mkwe huku hawasemezani uso kwa uso, kwa hiyo alikaa nyuma ya nyumba, akiwa ametugeuzia mgongo, akamsemesha kuku, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Wewe kuku, dawa ya mdulo hailiwi kwenye tumbo tupu! Inatiwa ndani ya mboga. Kama kuna mtu anataka kufa kwa njaa halafu atusingizie chumvi, akafie kwa mama yake!"

"Babu, mwambie huyo kuku," alijibu Fakisoni, "chungu ni kilekile kilichoniua."

Kesho yake nilimkuta anakunja mkeka. Shoka lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Kwao ni mbali, kilima juu ya kilima, naye alikuwa hawezi hata kulifunga lile fundo la kamba. Niliogopa kwamba njiani ataanguka na hapatakuwa na wa kumwinua.

Alinitazama ghafla.

"Babu, na wewe ulikula mboga ile."

"Nilikula."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Nashinda nikisikiliza kifua changu."

"Nyoosha mikono."

Nilinyoosha. Ya kizee, yenye mishipa, lakini ilitulia. Akanyoosha yake karibu na yangu. Vidole vilicheza kama vya mtu aliyetolewa mtoni.

"Umekula nini leo?"

"Nsima. Ya huyuhuyu Lezita. Na jana pia."

Alikaa juu ya mkeka uliokunjwa nusu, akiangalia mikono ile minne. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwambie alete. Chumvi atie mama yake, na nione."

Mama alitoka na kopo, akageuza uso pembeni, akatia chumvi na dawa mbele yetu sote. Lezita akapiga magoti, akaweka sahani chini, akabaki hapohapo.

Fakisoni alikata tonge dogo. Alilishika muda mrefu. Akala. Akakata la pili. La tatu akakohoa.

Lezita alijiziba mdomo. Mama akageuka, mwiko au si mwiko, akamtazama mkwe wake machoni. Fakisoni alikohoa tena mpaka machozi yakamtoka, nami nikahisi kifua changu kinabana.

"Pilipili," alisema hatimaye. "Mmetia pilipili nyingi."

Hakuna aliyecheka. Alikula mpaka sahani ikabaki robo, jasho likimtiririka, na mabega yakashuka moja baada ya jingine. Kisha akakata tonge, akalichovya, akamnyooshea mkewe, jambo ambalo wanaume wa huku hawalifanyi mbele ya watu.

"Na wewe kula. Unatetemeka."

Lezita alilipokea kwa mikono miwili. Alitafuna muda mrefu sana kabla ya kumeza.