Bi Asiyatu Alivyonifungulia Malawi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, mchana ule nilipoingia kwa Bi Asiyatu na karatasi ya maswali mkononi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilifundisha jiografia katika shule moja ya msingi kule Kithimani. Kila mwaka nilichora Ziwa Malawi ubaoni, na kila mwaka alikuwepo mtoto wa kuniuliza kama nimewahi kuliona. Basi nikaamua kwenda, likizo ya Agosti.

Walimu wenzangu walicheka. "Malawi? Kuna nini huko? Si uende Mombasa kama watu wengine!"

Na mimi, nikuambie ukweli, niliogopa. Begi langu lilijaa dawa, biskuti na muthokoi mkavu, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, wa kunitosha mwezi mzima, kana kwamba huko hawapiki.

Bi Asiyatu alikuwa fundi cherehani mjini Machakos, mjane wa dereva wa lori aliyemwoa kwao Mangochi, karibu na ziwa hilohilo. Nikamsomea maswali yangu: wezi wako wapi, maji ni salama, chakula gani nikiepuke. Alisimamisha cherehani, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Mwalimu, uko na maswali kumi na moja, na hakuna hata moja linalouliza watu wetu wanasalimiana vipi. Sasa huko unaenda kufanya nini?"

Nikaikunja karatasi. Akanivutia kiti, akanifundisha kusalimu kwa *muli bwanji* na kungoja nijibiwe, kushukuru kwa *zikomo*, kupokea kitu kwa mikono miwili. Kisha akatoa kanga mpya.

"Niko na dada yangu huko, Amina. Barua zake zilikatika miaka mingi. Sijui kama yuko hai. Ukimpata, mpe hii. Usipompata, wape watoto wake."

Siku ya safari nilimpitia, muthokoi nikamwachia yeye.

Nilipita Tanzania kwa mabasi, siku kadhaa. Asubuhi nilipoliona lile ziwa, mwanangu, nilisimama tu. Maji yalikuwa safi hata mawe ya chini yalionekana, na milima ya ng'ambo ilikuwa ya buluu. Lakini watu ndio walionishangaza zaidi. Mjini Mangochi nilimsalimu mama mmoja muuza samaki, nikamtajia jina la Amina na la kijiji nilichoambiwa na Bi Asiyatu. Alimwachia jirani samaki wake, akatembea nami mpaka mlangoni kwa Amina. Mimi kwetu ningemwonyesha mgeni njia kwa kidole.

Amina alikuwa hai. Aliipokea kanga kwa mikono miwili, akaniuliza kwa Kiswahili alichojifunza madrasa, "Bado amenikasirikia?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba alimkataza mdogo wake kuolewa mbali, na siku ya kuondoka hakutoka hata kumuaga. Bi Asiyatu hakuniambia neno juu ya hayo.

"Mama," nikamwambia, "alinituma nikutafute. Mtu mwenye hasira hawezi kunituma hivyo."

Akalia, kisha akaenda kupika. Nilipanga kulala usiku mmoja. Nililala nane, na siku ya kuondoka nusu ya kijiji ilinisindikiza barabarani.

Mwaka uliofuata Bi Asiyatu alipanda basi mwenyewe, akaenda kwao.

Sasa nasikia wewe unapanga safari yako ya kwanza, Burundi, na wenzako wanakucheka. Waache wacheke. Kabla hujafunga begi, mtafute Mrundi hapa hapa kwetu, ukae naye. Muulize habari za watu wake kwanza, hatari utaziuliza baadaye. Jifunze salamu zao hata kama ulimi utakwama. Usizijaze siku zako zote mipango; acha chache mikononi mwa wenyeji. Na nchi isiyosifiwa usiidharau, huenda haisifiwi kwa sababu waliofika huko ni wachache.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Upokelewe kama mtoto wa nyumbani, na urudi kwetu ukiwa na majina mapya ya watu wa kuwaombea.