Bunduki ya Kijapani ya Mansur

Siku ya kwanza nilifika karakana ya silaha, kule Ruwi, Omani, nimevaa dishdasha, kanzu mpya aliyonipigia pasi mama. Mkuu wa Karakana, Muomani aliyekulia Unguja kama wazee wangu, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanipa aproni iliyojaa mafuta. Kisha akanipa bunduki na kuniuliza kama ina risasi. Nikasema haina. Akauliza nimejuaje, nikajibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyenipa. Siku nzima iliyobaki nilifagia vumbi la chuma.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mnapewa vipimo vya kompyuta. Sisi tulikuwa na macho, vidole na geji, yaani kipande cha chuma kinachotiwa pale inapokaa risasi ili kupima kama komeo linafunga sawasawa. Komeo likilegea, ganda la risasi hupasuka na moto humrudia mpigaji usoni. Ndiyo maana neno la mpimaji halikuulizwa mara mbili. Nilianza kwa fundi wa vitako vya bunduki, nikahamishiwa uwanja wa shabaha chini ya Msimamizi wa Uwanja, mtu mkali aliyeujua mtutu uliochakaa kwa mlio tu. Baadaye nikarudishwa Ruwi kuwa mpimaji, nikapewa muhuri wangu.

Sitaficha: mimi nina wivu. Mwenzangu akipandishwa cheo, nilikuwa wa kwanza kumpongeza ili nimalize mapema. Na hakuna niliyemwonea wivu kuliko Mansur, fundi wa meza ya pili. Mshahara wetu ulikuwa mmoja, lakini yeye alikuwa na watoto saba na kicheko, mimi nina wawili na kiungulia.

Siku moja, katika duka la vitu vya kale Matrah, niliona bunduki ya kivita ya Kijapani. Nilikuwa nikiitamani tangu ujana. Kitako chake kilikuwa cha vipande viwili vya mbao vilivyoungwa. Wajapani ndivyo walivyokitengeneza, lakini mwenye duka alidhani kimevunjika kikagundishwa, na mimi sikumtoa tongotongo. Nilikiponda kitako kile kwa maneno, nikataja bei ya chini, akakataa. Nikatoka bila kugeuka, kama biashara inavyotaka. Nilipanga nirudi siku ya tatu nimkute amelainika.

Siku ya tatu Mansur akaja kazini uso unamng'ara. Hakujua habari zangu kabisa. Alikuwa amepita dukani kumtafutia bintiye kikuku, akaiona bunduki, akauliza. Mwenye duka akamwambia kwamba mtaalamu mmoja ameiponda, akamwachia kwa bei ya chini kuliko ile niliyoitaja mimi. Nikampa mkono wa hongera huku kifua kinaniwaka moto.

Bunduki ya kale ilikuwa lazima ipimwe kabla mwenyewe hajaruhusiwa kuipiga. Mansur aliiwasilisha pamoja na risasi tano, alizozitafuta kwa kibali karibu mwaka mzima, kwani aina ile ilikuwa adimu. Asubuhi moja niliichukua hadi uwanjani bila kumwambia. Geji ilikaa barabara. Kizuizi cha usalama cha bunduki ile ni kifuniko cha duara nyuma ya komeo. Unakisukuma kwa kiganja na kukizungusha. Nilikizungusha, nikalala kifudifudi, nikapiga. Teke lake lilikuwa la upole. Kanuni ilitaka risasi mbili tu za kupimia. Nilipiga zote tano, na sijapata kupiga bunduki tamu kama ile mpaka leo.

Nikarudi ofisini nikaandika kwamba komeo limelegea.

Mkaguzi Mkuu alisoma karatasi yangu, akavua miwani. "Una hakika? Maana hii tutaiua."

"Nna hakika, bwana mkubwa," nikasema.

Kuiua bunduki ni kuutoboa mtutu, kuuziba kwa kulehemu na kutoa pini inayogonga risasi, ibaki pambo la ukutani. Ukishafanya hivyo hairudi tena. Kazi hiyo nilipewa mimi, nami niliifanya vizuri.

Mansur alipokuja mezani kwangu nilijua amekuja kulalamika. Akanishika bega.

"Allah akulipe kheri, yakhe," akasema. "Nlitaka mwanangu mkubwa ndo apige ya kwanza. Ingempasukia usoni."

Tangu siku hiyo, kila Idi alituletea bakuli la halwa nyumbani, na kila aliyekuwapo aliambiwa kwamba ni zawadi ya mtu aliyemwokolea mtoto. Mke wangu aliwagawia wageni kwa fahari. Mimi nilikuwa nikisema sukari imenipanda.

Sasa sote tumestaafu. Watu husema kustaafu ni kupumzika, lakini ukikosa kazi ya mikono, moyo ndio unaoanza kufanya kazi. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Mansur kule Qurum, kwenye nyumba aliyojenga huyo mwanawe mkubwa. Nilianza kuionea wivu kabla sijazima gari. Nilimkuta sebuleni, macho yamefunga ukungu, hamtambui mtu mpaka amsikie sauti. Tulipobaki wawili na kahawa yetu, nikamwambia yote: geji, uwanja, karatasi niliyoiandika. Nilikwisha kaa ukingoni mwa kiti, tayari kufukuzwa.

Mansur akaitua finjani yake.

"Risasi zilikaa wapi?" akauliza.

Nikaifudikiza finjani yangu mezani, nikaushika mkono wake nikauweka juu yake. Mita mia, nikamwambia, na finjani hii ingezifunika.

Akapapasa ukingo wa finjani kwa kidole, polepole, akazunguka akarudi alipoanzia. "Zote tano?"

"Zote."

Akatabasamu, na wallahi hata tabasamu lile nililionea wivu.

"Ungeniita, yakhe," akasema. "Ningesimama nyuma yako nikatazama tu."