Katungu Anayesafisha Picha kwa Kahawa

Wifi yangu Katungu ana mdomo mkali. Mimi nauza maharagwe sokoni Butembo, na sokoni huwezi kuuza maharagwe ukiwa bubu, kwa hiyo nikisema mdomo wa mtu ni mkali, nimeupima. Enzi za kamera za filamu yeye ndiye aliyepiga picha za harusi mtaani kwetu, na Musienene, na Masereka, hadi Mabalako kule upande wa Beni, begi la kamera kifuani na vumbi la pikipiki usoni. Bibi harusi akifumba macho, Katungu hakumbembeleza. "Fungua macho," alimwambia mbele ya wakwe wote. "Utalala kesho." Wakwe walicheka, bibi harusi alinuna, na picha ilitoka nzuri.

Halafu zikaja simu. Kila mtu akawa mpiga picha, na labo za mjini zilizokuwa zinasafisha filamu zikafunga milango moja baada ya nyingine. Wenzake Katungu waliuza kamera zao kwa bei ya sabuni, wakaenda kufanya biashara ya mafuta na viatu. Yeye alirudi kulima, lakini filamu ambazo labo zilifungwa kabla hazijasafishwa alizitia ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati. Siku moja nililitaka lile kopo niwekee chumvi.

"Mule ndani muko batu," akaniambia. "Unataka tubapeleke wapi?"

Nilimcheka. Watu ndani ya kopo! Nani asingecheka?

Habari ya kahawa aliipata kwenye simu ya mtu. Kumbe kuna watu huko duniani wanaosafisha filamu kwa vitu vya jikoni: kahawa, soda ya kufulia, na vitamini C. Sisi hapa tunalima kahawa tangu enzi za babu zetu, tunaiuza yote, kisha tunakunywa chai. Katungu alikaa na habari hiyo wiki nzima bila kusema na mtu, na kwake hilo ni kama ugonjwa. Soda hakuipata, akachoma maganda ya ndizi, akachuja maji ya majivu yake kama mama zetu walivyofanya ili kulainisha mboga ngumu. Vitamini alinunua farmasi, akaisaga kwenye kinu. Dawa ya mwisho, ile inayoifanya picha isife ikiona jua, aliiomba kwenye zahanati moja iliyokuwa imeacha filamu za radio, zile za kupiga mifupa. Na kahawa alichukua ile ya Beni, ya bonde, kali na chungu, kwa sababu ndiyo rahisi. Aliikaanga kidogo tu, ikabaki rangi ya udongo.

Jamani, harufu. Kahawa ikikutana na maji ya majivu inanuka kama soksi za askari aliyetoka porini. Nilimwambia anahama yeye au ninahama mimi. Hakuhama. Aliharibu filamu moja, ya pili, nyingine tena, na kila iliyoharibika aliitundika kwenye kamba ya nguo aitazame vizuri, ajue imekufa kwa nini. Katikati ya mateso hayo ikatoka picha ya kwanza, na ilikuwa yangu, nimekunja uso, kinywa wazi, namgombeza mtu.

"Hii dawa yako bado haifanyi kazi," nikamwambia.

"Inafanya," akasema. "Weye njo uko vile."

Tangu siku hiyo nilianza kumheshimu, ingawa sikumwambia. Watu wakaanza kuja. Mmoja alimwona marehemu mama yake akichambua maharagwe, mwingine alijiona siku ya komunyo ya kwanza. Picha zote zilitoka nyeusi na nyeupe, hata za filamu za rangi, na hakuna aliyelalamika.

Jemima alikuja siku ya soko, kitambaa cheusi cha ujane kichwani.

"Mama Katungu, unanikumbuka? Uliniambia nifungue macho."

"Nakumbuka," akasema wifi yangu. "Na bwana yako alikuwa anacheka, nikamwambia anyamaze."

Jemima alijaribu kutabasamu. Mumewe, Gracien, aliuawa shambani kwake Mabalako na watu wa mapanga. Alizikwa haraka, waliobaki wakakimbia, na nyumba ikateketea na kila kilichokuwa ndani, albamu ya harusi ikiwemo. Alikuwa anaishi kwa ndugu zake hapa Butembo. Na kilio cha mumewe kilikuwa hakijamalizwa. Kwetu, siku ya kumaliza kilio, meza inatandikwa kitambaa cheupe, picha ya marehemu inawekwa juu yake, watu wanapita kumuaga, na ndipo mjane anavua nyeusi. Baba mkwe wake, Papa Kambere wa Masereka, alikuwa amekataa kabisa.

"Anasema hapana kumaliza kilio ya mutu asiko na sura," Jemima akasema. "Mwaka inapita, ingine inapita. Niko tu sawa vile unaniona."

Katungu alipanda kwenye kiti, akashusha kopo. Filamu ya kwanza ya ile harusi alikuwa amewapa picha zake, ndizo zilizoungua. Ya pili ilikuwamo humo humo koponi, ina jina la Gracien kwenye kipande cha plasta.

"Nisikudanganye," akasema. "Filamu ni mbegu. Ikizeeka hivi, mutu hapana jua kama itaota. Na iko moja tu."

Siku waliyopatana, Papa Kambere alishuka mwenyewe kutoka Masereka juu ya lori la viazi. Ni mzee mwembamba, mnyoofu, amelima kahawa ya mlimani maisha yake yote, ile wanayoipenda Wazungu, na anajivuna nayo kama mwenye ng'ombe. Gracien alipomwacha akashuka Mabalako kutafuta shamba, akapanda kahawa ya bonde, baba yake alimcheka mbele ya ukoo mzima: kahawa ile hata mbuzi hainywi. Sasa alitoa mfukoni kifurushi, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Kahawa yake mwenyewe, imekaangwa nyeusi inang'aa, kama ya kumpokea askofu.

"Nilisikia unasafishaka na kahawa," akasema. "Nimeleta ya kumutosha mutoto yangu." Kutosha, kwetu, ni kutoa. Kutosha, kwetu, ni kutoa.

Katungu alinitazama. Nilijua anachofikiri, maana kawaida yake kitu kipya hukijaribu kwanza kwenye filamu ya bure.

"Papa, tungeanza na ile nimezoea," akasema polepole.

"Ni ya wapi?"

"Ya Beni."

Mzee aliweka mkono juu ya kifurushi chake. "Mutoto yangu alikufa kule," akasema. "Hapana mumuweke tena mu kahawa ya kule."

Sasa wewe msomaji niambie, ungefanyaje? Kitu alichokuletea mfiwa kwa mikono miwili hakirudishwi. Mimi ambaye sina adabu nyingi nisingekirudisha. Katungu alikipokea kwa mikono miwili pia, akasema ataweka mara mbili ya kipimo ili iwe na nguvu. Kisha akaingia ndani ya kabati la nguo, nikalifunika kwa blanketi zote za nyumba, na mle gizani akaikata filamu katikati. Hiyo nayo ni kawaida yake: humwagi mbegu yote kwenye mvua ya kwanza. Nusu aliitia kwenye chombo chake cheusi kinachofungwa, nusu aliifunga tena.

Tulikaa sote jikoni. Papa Kambere alikuwa na rozari mkononi. Jemima alishika ncha ya kitambaa chake, akaikunja, akaikunjua. Katungu alimimina kahawa, akatikisa chombo, akakipumzisha, akatikisa tena, kisha akaosha, akatia dawa ya mwisho, akafungua.

Filamu ilitoka nyeupe kama kioo cha dirisha. Ukiiinua juani uliona kivuli cha kitu, labda kiti, labda mlango wa kanisa, na watu hakuna. Misa nzima ilikuwa imekwenda, viapo na pete pamoja.

"Nusu moja imepotea," Katungu akasema. Alisimama wima mbele ya mzee. "Kosa ni yangu, Papa. Hapana ya mutu mwingine. Nusu ingine iko, tutafanya kesho."

Papa Kambere aliinamisha kichwa. "Mungu anajua," akasema, akatoka na Jemima kwenda kulala kwa ndugu zake.

Walipoondoka tu, Katungu alichukua filamu ya bure, akapiga nayo picha za mlango na mbuzi na mimi, akaikata vipande viwili. Kimoja alikisafisha kwa kahawa ya Masereka, kingine kwa ya Beni. Cha Beni kilitoka cheusi safi, hata ndevu za mbuzi ungezihesabu. Cha Masereka kilikuwa kitupu. Hapo akaelewa. Uchungu wa kahawa yenyewe, si ule wa kuungua, ndio unaoitoa picha, na ile ya mlimani ni tamu, haina uchungu wa kutosha, tena kuikaanga nyeusi namna ile kulikuwa kumeua hata ule mdogo uliokuwamo. Wazungu wanaipenda kwa sababu hiyohiyo.

Wifi yangu alikaa chini juu ya gunia langu la maharagwe akalia. Nimeishi naye tangu niolewe na kaka yake, na nilikuwa sijaona machozi yake.

"Ni ye mwenyewe alimufuta mutoto yake," akasema. "Na mikono yake mbili. Mama Éliakim, ule muzee akijua ile kitu, atakufa nayo."

"Hatajua," nikasema.

"Weye? Na ile mudomo?"

"Hata mimi," nikasema, na nilikuwa nimekasirika kidogo, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza.

Asubuhi alichemsha kahawa ya Beni. Kabla ya kuipua alifungua kifurushi cha mzee, akachukua kidogo kwa ncha za vidole, akatupia ndani. Nikamuuliza kama hajatosheka na hasara.

"Kiloko vile haiharibu," akasema. "Muzee ataniuliza. Na miye sijuaka kusema bongo, kudanganya mutu. Niwe na kitu ya kujibu."

Walipofika alikuwa amekwisha ingia kabatini na kutoka. Wakakaa palepale walipokaa jana. Hofu ya Katungu haikuwa kahawa tena, ilikuwa kumbukumbu yake mwenyewe: nusu iliyobaki ilikuwa ya karamu, na wakati wa karamu yeye hupiga wageni, hampigi bwana harusi. Ingeweza kutoka nzuri kabisa, imejaa mashangazi na masahani, na Gracien asiwemo. Aliniambia hivyo kwa sauti ya chini wakati anaosha.

Akaitoa, akaitundika kwenye kamba. Kulikuwa na watu. Kwenye filamu mweupe ni mweusi na mweusi ni mweupe, kwa hiyo walikuwa watu weupe wenye meno meusi, na ukungu wa uzee umewafunika kama asubuhi ya Masereka. Katungu alipita nao mmoja mmoja kwa jicho: mashangazi, mapadri, mashangazi tena. Karibu na mwisho akasimama. Akaweka simu yake nyuma ya filamu kwa mwanga, akaomba simu yangu, akapiga, akaigeuza picha rangi zake zirudi mahali pake. Kisha akampa Jemima simu.

Gracien alikuwa amevua koti la harusi, amesimama nyuma ya jiko la karamu, kipande cha nyama mkononi na shavu limejaa. Alikuwa amegeuka kama mtu aliyeitwa ghafla, na macho yake yanacheka moja kwa moja kwenye kamera.

"Alikuwa anaiba nyama," Jemima akasema. "Ku arusi yake mwenyewe." Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kuwa kilio, akaegemea ukuta, na mimi nikamshika. Sioni haya kusema kwamba nililia naye.

Papa Kambere alipokea simu kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu. Kidole chake cha mkulima kilipita juu ya shavu lililojaa nyama, picha ikakimbia pembeni, nikamrudishia.

"Ni ye," akasema. "Alikulaka vile, tangu utoto." Akamgeukia mkwewe. "Jemima. Tutaweka meza. Ile kitambaa nyeusi, utaitosha."

Jemima aliitikia kwa kichwa.

Mzee akamtazama Katungu. "Ni kahawa yangu njo imemutosha?"

"Kahawa yako iko ndani, Papa," akasema wifi yangu.

Nilidhani imekwisha hapo. Jibu lilikuwa la kweli, lilikuwa limepikwa kwa kusudi hilo. Lakini Papa Kambere hakuwa amemaliza. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lile lori uso wake ulikuwa umelegea.

"Nilijua," akasema. "Ile ya bonde haingemujua mutoto yangu."

Nikamtazama Katungu, mwanamke ambaye hakuwahi kumwachia bibi harusi hata kope moja. Alikuwa anapangusa mikono kwenye kitenge chake, mikono imejaa kahawa ya Beni mpaka kwenye kucha.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Haingemujua."